Shajara ya mradi: kulinganisha tairi na upana wa rimu kwenye Land Cruiser HJ47

Gari ni Toyota Land Cruiser HJ47, pikapu ya 1982, injini ya dizeli 2H ya silinda sita, springi za bapa mbele na nyuma. Linalala Mbagala na ni gari la kazi: tofali, saruji, mapipa ya maji, mara mojamoja mbao kutoka Buguruni. Naandika kila hatua inapokamilika kwa sababu magari haya bado yapo Dar, na kila mwenye nalo anaambiwa lake kuhusu matairi. Langu mimi ni moja: anza na rimu. Ukishajua upana wake kwa uhakika, matairi yanayofaa yanabaki machache sana, na hapo ndipo unapoingia dukani.

11 Januari 2025: lilivyokuja

Aliyekuwa nalo alilivisha 265/70R16 (upana milimita 265, kimo cha shavu, yaani ubavu wa tairi, asilimia 70 ya upana huo, rimu ya inchi 16), matairi mapana ya tyubulesi, yaani ya kutumika bila tyubu, na ndani yake akaweka tyubu. Likiwa limesimama linapendeza. Barabarani ni habari nyingine. Kuanzia spidi 60 usukani unatetemeka, na kwenye kona za Kongowe gari linapepesuka kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani, hata likiwa tupu. Kashata, yaani meno ya tairi, imeisha katikati huku mabega yote mawili yakiwa bado na kina kizuri. Pancha haziishi, na wala si za misumari: tyubu inachanika palepale shina la valvu linapoanzia.

Kijiweni waliniambia tyubu za siku hizi hazina ubora. Zikanunuliwa mbili mpya, 35,000 kila moja, za viwanda viwili tofauti. Zote zikachanika mahali palepale. Tyubu tofauti zikipata jeraha lilelile, kinachozijeruhi kiko nje yake.

18 Januari: mhuri chini ya rangi

Nilivua gurudumu la nyuma kushoto nikalilaza, nikakwangua kwa brashi ya waya karibu na tundu la valvu. Kwanza ikatoka rangi ya fedha, chini yake nyeupe, chini yake tena vumbi jekundu la kutu. Nikapitisha kitambaa chenye dizeli, herufi zikajitokeza: 5.50F x 16 SDC.

Kila kitu kimo humo. 5.50 ni upana wa rimu kwa inchi. F ni umbo la ukingo unaoshikilia tairi. 16 ni kipenyo. SDC inamaanisha ni rimu ya vipande, yenye ringi ya chuma inayotolewa pembeni ili tairi liingie. Rimu za aina hii zimetengenezwa kwa tairi la tyubu.

Sasa linganisha. Tairi la 265/70R16 linataka rimu ya inchi 7 mpaka 9. Hapa limefungwa kwenye rimu ya inchi 5 na nusu. Mashavu yanavutwa ndani, uso wa tairi unabinuka, na kinachogusa lami ni ule mstari wa katikati. Ndiyo maana kashata imeisha katikati. Mashavu nayo, kwa kuwa hayakusimama wima, yanacheza kushoto na kulia kila unapogeuza usukani. Na tairi lisilokaa vizuri kwenye kiti chake linajizungusha kidogokidogo juu ya rimu unapofunga breki na mzigo. Linaivuta tyubu, lakini valvu imeshikwa na tundu la rimu, kwa hiyo tyubu inachanika kwenye shina. Dalili zote za tarehe 11 zimetoka mahali pamoja.

Fundi wa kijiweni hakukubali. Akachukua futi, akapima, akasema, "Bosi, hii ni sita na nusu, njoo uone mwenyewe." Kweli futi ilisema sita na nusu, lakini alipima nje kwa nje. Upana wa rimu hupimwa ndani, kuanzia ukingo mmoja hadi mwingine pale tairi linapoegemea. Ukipima nje unaongeza unene wa kingo mbili, na kwa kawaida hiyo ni karibu inchi nzima, milimita 25. Hili ndilo kosa ninaloliona kila mahali Dar, na linauza matairi mengi yasiyofaa.

Kuna mtego mwingine kwenye magari haya. Inchi 5.5 ni milimita 139.7, na umbali kati ya nati mbili zinazotazamana kwenye Land Cruiser ya nati sita nao ni 139.7. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "tano na nusu", muulize ni tano na nusu ya nini: ya upana au ya nati.

25 Januari: kuchagua saizi

Kabla ya chochote nilipeleka magurudumu yote manne kwa mafundi wa matairi ya malori, wenye kizimba cha chuma cha kujazia upepo. Rimu ya vipande si ya kugusa ovyo. Unatoa kwanza moyo wa valvu, unasubiri upepo uishe kabisa, ndipo unagusa ringi. Ringi ikiruka na upepo ndani, inaua. Nisingependa mtu asome shajara hii aende kujaribu nyumbani kwa bisibisi na nyundo.

Walipofungua, rimu mbili kati ya nne zilikuwa zimeliwa na kutu kwenye mfereji wa ringi. Hewa ya chumvi ya pwani imefanya kazi yake miaka yote hii. Ringi ilikuwa inakaa, lakini ukiigonga kwa kipande cha chuma inalia tofauti upande mmoja. Rimu hizo hazirudi barabarani.

Hapo uamuzi ukagawanyika. Saizi nilizozitafakari ni hizi, pamoja na upana wa rimu unaokubalika na kimo cha tairi kikiwa jipya:

7.50R16: rimu 5.50F, 6.00G au 6.50H; kimo karibu milimita 805.
215/85R16: rimu inchi 5.5 mpaka 7, kimo 772.
235/85R16: rimu inchi 6 mpaka 7, kimo 806.
265/75R16: rimu inchi 7 mpaka 8, kimo 804.
265/70R16 (yaliyokuwapo): rimu inchi 7 mpaka 9, kimo 777.

Kimo si lazima umwulize mtu. Chukua 235/85R16: asilimia 85 ya 235 ni 199.75, mara mbili kwa sababu kuna shavu juu na chini, unapata 399.5, ongeza inchi 16 ambazo ni 406.4, jumla 805.9. Ndivyo nilivyogundua pia kwa nini spidomita ilikuwa inadanganya. Matairi ya 777 ni mafupi kuliko 7.50R16, yanazunguka zaidi kwa umbali uleule, kwa hiyo gari likienda 80 kweli, spidomita inaandika karibu 83.

Mwenye rimu nzima za 5.50F asihangaike: 7.50R16 na tyubu yake, pamoja na ule ukanda wa mpira unaokaa kati ya tyubu na rimu, ndiyo njia sahihi na rahisi kuliko zote. Mimi nilihitaji rimu nyingine, na rimu za chuma za kipande kimoja za nati sita unazokutana nazo mjini nyingi ni za inchi 7. Kwenye inchi 7, 235/85R16 linakaa mwisho wa juu wa kipimo chake, 265/75R16 mwisho wa chini. Yote mawili ni halali.

Nimechagua 235/85R16. Sababu ya kwanza ni mzigo: ninayoyaona dukani yana alama 120/116, yaani kilo 1,400 kwa tairi moja likiwa peke yake na 1,250 yakiwa mawilimawili, wakati 265/75R16 mengi ya bei hiyohiyo ni 116, kilo 1,250. Ya pili, gari hili halina pawa stelingi. Kila milimita ya upana unailipia kwa mabega yako pale unaporudisha gari nyuma Kariakoo. Ya tatu nitaieleza nikifika kwenye springi.

8 Februari: kutafuta rimu Shauri Moyo

Sehemu hii ndiyo iliyokula muda. Wauzaji wa Ilala wanaijua kazi yao, lakini wanauza kwa jina la gari: "Hizi za Pajero, zinaingia, nati sita." Ni kweli nati sita, na 139.7 ileile. Lakini Pajero za kuanzia 2000 tundu la katikati la rimu ni milimita 67 tu, na habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele ya Land Cruiser hii, yenye frii yake iliyochomoza, ile ya kuunganisha magurudumu ya mbele kwa foo-wili, haipiti hapo hata kwa nyundo. Tulijaribu palepale gari likiwa kwenye jeki. Rimu ilisimama hewani, mbali kabisa na stadi, zile bolti zinazoshika nati.

Nyingine nilionyeshwa kwa maneno "hizi za mkonga original", jina la mtaani la Land Cruiser. Zilikuwa za nati tano. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilihamia nati tano, kipimo cha milimita 150, mwaka 1999. Za kabla ya hapo ni sita. Jina ni moja, rimu ni mbili tofauti.

Za Nissan Patrol ni 139.7 pia na tundu lake la kati ni kubwa. Nikakaribia kuzichukua, ila muuzaji alitaka kuniuzia na nati zake kwa pamoja. Nati za Patrol ni uzi wa 12 x 1.25, za Toyota ni 12 x 1.5. Nati ya Patrol itashika nyuzi mbili tatu za mwanzo, halafu ikaze ghafla, na fundi mwenye haraka atasema imefika. Haijafika, imeharibu stadi.

Nilizochukua mwishowe muuzaji hakujua zilitoka gari gani, na sikuhitaji kujua. Mhuri ulisema 16 x 7J. Nilipima ndani kwa ndani kwa venia ya mbao ya fundi seremala: milimita 178, sawa na inchi 7. Tundu la kati lilipita kwenye habu bila kusukumwa. Kina cha nyuma nilikipima hivi: laza rimu kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya ukingo, teremsha rula mpaka kwenye uso unaoegemea habu. Ilisoma 112. Upana wa nje wa rimu ya inchi 7 ni karibu 203, nusu yake 101.5, tofauti ni kama milimita 10 kuingia ndani. Rimu zangu za zamani kwa kipimo hichohicho zilisoma 97. Kwa hiyo ukingo wa ndani wa gurudumu jipya umesogea milimita 15 kuelekea springi. Namba hiyo niliiandika kwa kalamu nyekundu.

Tano, kwa 75,000 kila moja.

1 Machi: kuziandaa

Kabla ya kupaka chochote, kila rimu ilifungwa kwenye habu ya mbele, gari likiwa juu ya stendi, na waya uliofungwa kwenye tofali ukasogezwa mpaka karibu uguse ukingo. Unazungusha polepole unaangalia pengo. Nne zilikuwa sawa, pengo linabadilika kwa unene wa kadi ya simu. Ya tano ilikuwa inakwenda na kurudi karibu milimita 4. Tairi jipya na balansi ya pesa nyingi haviponyi rimu iliyopinda. Muuzaji, nashukuru, alibadilisha bila maneno.

Kisha kupigwa mchanga na kupakwa rangi, 20,000 kila moja. Hapa mwenye kuiga aangalie jambo moja: niliomba rangi nyembamba kwenye kiti cha tairi na kwenye uso unaoegemea habu. Rangi nene kwenye uso wa habu inasagika taratibu, na nati zinalegea zenyewe.

15 Machi: kuvisha

Matairi ni 235/85R16 plai 10, 430,000 kila moja. Dukani nilisoma namba nne za mwisho za DOT, msimbo wa kiwandani, kwenye kila shavu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3224 ni wiki ya 32 ya 2024. Moja kati ya matano waliyoniletea lilikuwa la 2019 na lilikuwa limepangwa nje juani. Likarudishwa. Hawakubisha walipoona nasoma.

Tatizo la kwanza: nati. Aliyekuwa na gari alikuwa ameacha mchanganyiko, zingine za koni na zingine zile zenye shingo ndefu na washa bapa, ambazo Toyota huzitumia kwenye rimu za aluminiamu. Rimu ya chuma ina tundu la koni. Nati ya washa ikikazwa hapo inagusa mdomo wa tundu tu, haiiweki rimu katikati, na inalegea. Zikatupwa zote, zikanunuliwa 24 za koni za uzi wa 1.5, 2,500 kila moja, zikakazwa kwa mkato wa nyota, yaani kwa kuruka kwenda nati ya upande wa pili, mwisho kwa toki renchi, Nm 110.

Tatizo la pili: asubuhi yake matairi mawili yalikuwa yamepungua. Maji ya sabuni yakaonyesha mapovu madogo mfululizo, si kwenye valvu, bali kwenye ukingo. Mchanga ulikuwa umeondoa kutu lakini ukaacha vishimo kwenye kiti cha tairi, na tyubulesi inategemea kiti hicho kuziba. Tukavua, tukalainisha kwa msasa wa maji, tukapaka praima mbili nyembamba, tukavisha tena na ile gundi nyeusi ya kuzibia ukingo. Gharama 10,000. Tangu hapo hayajapungua. Kijiweni walipendekeza tyubu, kama kawaida. Sikukubali, maana tyubu ingeficha tatizo na kuongeza joto ndani ya tairi.

Tatizo la tatu ndilo lile la kalamu nyekundu. Usukani ukikatwa mpaka mwisho kulia, bega la ndani la tairi liligusa springi. Kuguswa kidogo tu, alama ya kung'aa kwenye chuma yenye upana wa kidole. Hapa ndipo 235 linapojitetea: kwenye rimu ya inchi 7 linapanuka kidogo, mpaka kama 240, kwa kuwa kila nusu inchi ya rimu inaongeza karibu milimita 5. Tairi la 265 lingeingia ndani zaidi ya hapo. Dawa ilikuwa bolti ya kuzuia mkato iliyo nyuma ya nakali, kile kiungo kinachogeuza gurudumu, kila upande. Unalegeza nati yake, unaitoa nje mizunguko miwili, unakaza, unakata usukani tena unaangalia. Sasa pengo linapitisha kidole gumba. Gari linahitaji nafasi kubwa kidogo kugeuka. Kwenye uchochoro wangu linageuka bado.

5 Aprili: upepo, kwa chaki

Tairi likishalingana na rimu, upepo ndio unaoamua kama uso wote utagusa chini. Nilitumia chaki ya shule. Mstari mnene kukata uso wa tairi toka bega hadi bega, unaendesha mita mia kadhaa kwenye lami iliyonyooka, unashuka unaangalia chaki ilipofutika.

Kwa upepo wa psi 45, gari tupu, mstari ulifutika katikati tu; mabega yakabaki meupe. Kwa 36 mbele ulifutika wote sawasawa. Nyuma, gari tupu, ilibidi kushuka mpaka 32. Kwa mzigo wa saruji mifuko 16, yaani kilo 800, nyuma ilihitaji 52 mstari ufutike sawa; mbele nikaacha 38. Nimeandika namba hizi kwa rangi ndani ya mlango wa dereva. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu jua la Dar peke yake linapandisha upepo.

Ukiiga kwa gari lako, iga chaki. Namba zangu ni za springi zangu na mzigo wangu.

17 Mei: baada ya masika

Barabara za ndani Mbagala zimekuwa madimbwi, gari limebeba mzigo kama kawaida, na mara moja limepanda Pugu hadi Kisarawe likiwa limejaa. Usukani umetulia mpaka spidi 90. Spidomita ikisoma 81, simu inasema 80. Kashata nimepima kwa kina katikati na mabegani, hakuna tofauti ninayoweza kuiona. Nati nilizikaza upya baada ya kilomita 100 za kwanza. Mbili za nyuma kulia ziliongezeka robo mzunguko, zingine hazikusogea.

Kwenye matope laini tairi hili jembamba linazama mpaka likute udongo mgumu, halafu linatoka. Lile pana lilikuwa linaelea na kuteleza. Kwenye mchanga mkavu kule Kigamboni itabidi nishushe upepo, sijajaribu bado.

Gharama, kwa shilingi: rimu 375,000; mchanga na rangi 100,000; matairi matano 2,150,000; nati 60,000; valvu 30,000; kuvisha na balansi 60,000; kurudia kingo mbili 10,000; alainimenti 40,000. Jumla 2,825,000. Weka juu yake 70,000 za tyubu zilizochanika Januari. Mwenye rimu nzima za 5.50F aondoe 475,000 za rimu na rangi, aongeze tyubu na ukanda wake.

Yale 265/70R16 sikuyauza, mashavu yalikuwa na nyufa ndani. Rimu mbili za zamani zilizo nzima ninazo, na ringi zake, kwa mwenye HJ47 anayetafuta za 5.50F. Zile mbili zenye mfereji uliolika nimezikata kwa gesi ili zisiuzwe tena kama rimu. Hatua inayofuata ni bushi za springi za nyuma.